Someni Kwanza Kilichovuja: Barua kwa Vijana Mnaobishana Juu ya Wafichua Siri za Serikali

Wanangu,

Nawasalimu nyote. Nimewasikiliza mkibishana kila inapovuja siri ya serikali yoyote duniani. Habari haijamaliza saa moja, tayari mmegawanyika: hawa wanamwita aliyevujisha shujaa, wale wanataka afungwe maisha. Mna haki ya kubishana, tena napenda kuona vijana wanaojali serikali zinafanya nini. Kinachoniuma ni kwamba wengi wenu, wa pande zote mbili, mnakuwa hamjasoma hata ukurasa mmoja wa hicho kilichovuja. Mnamjua mtu, picha yake na ukoo wake, lakini karatasi aliyoitoa hamuijui.

Mimi nilikuwa karani wa masjala, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa masjala ya siri. Huko jalada halitoki bila saini. Barua ya siri hutiwa bahasha mbili: ya ndani imegongwa muhuri, ya nje haina alama yoyote, ili anayeibeba asijue amebeba nini. Nimepokea barua za namna hiyo zilizostahili kabisa kufungiwa, kama orodha za watu waliotoa habari za majambazi kwa polisi. Jina moja tu likitoka pale, mtu anauawa. Lakini pia nimepokea barua ya kuulizia bei ya makabati ya ofisi, imegongwa SIRI kwa wino mwekundu. Makabati hayakuwa na siri. Aliyegonga muhuri hakutaka mkaguzi aione ile bei. Muhuri ulikuwa uleule na wino uleule, na kwa nje usingeweza kutofautisha barua hizo mbili. Kwa hiyo mtu anaposema tu "ametoa siri za serikali", bado hajaniambia kitu.

Msidhani haya ni maneno ya karani tu. Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilikwenda hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kuzuia magazeti yasichapishe nyaraka za siri kuhusu vita vya Vietnam, kurasa zipatazo 7,000 zilizonakiliwa na Daniel Ellsberg, mchambuzi wa masuala ya ulinzi. Wakili aliyesimama kuitetea serikali alikuwa Erwin Griswold. Alidai kuchapishwa kwa nyaraka zile kungeleta madhara makubwa kwa usalama wa nchi. Serikali ilishindwa, majaji 6 kwa 3. Mwaka 1989 Griswold huyohuyo aliandika gazetini kwamba hakuwahi kuona dalili yoyote ya madhara hayo, na kwamba wanaogonga mihuri mara nyingi hawahofii usalama wa taifa, wanahofia aibu ya serikali. Hayo yalisemwa na mtu aliyekuwa upande wa muhuri.

Sasa nije kwenye maoni ya watu, maana mnapenda sana kusema "wananchi wako upande wetu". Juni 2013, siku chache baada ya Edward Snowden, mtaalamu wa kompyuta aliyefanyia kazi idara ya ujasusi, kufichua jinsi serikali ya Marekani ilivyokuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za raia wake, shirika la utafiti la Pew liliwauliza Wamarekani. Asilimia 49 walisema ufichuzi ule una faida kwa umma, 44 wakasema una madhara. Katika uchunguzi huohuo, asilimia 54 walitaka Snowden ashtakiwe, 38 hawakutaka. Vijana wa miaka 18 hadi 29 ndio waliouunga mkono zaidi ufichuzi wenyewe, asilimia 60. Wapo waliozicheka takwimu hizo wakisema watu hawajielewi. Mimi naona wanajielewa vizuri. Mtu anaweza kushukuru kwamba amejua jambo na wakati huohuo akataka aliyelitoa afike mbele ya hakimu ajieleze. Hukumu ya kitendo na hukumu ya mtu ni mambo mawili, na wananchi wa kawaida waliyatenganisha kuliko mnavyoyatenganisha ninyi mnapobishana.

Maoni ninayoyaogopa ni yale yanayohama na chama. Kundi la WikiLeaks, linalochapisha siri mtandaoni, lilipotoa nyaraka za jeshi la Marekani mwaka 2010, wanasiasa wengi wa chama cha Republican walilishutumu vikali kupita kiasi. Oktoba 2016, lilipokuwa likitoa barua pepe za upande wa Democratic, mgombea wa Republican, Donald Trump, alisimama jukwaani akasema analipenda, na umati ukashangilia. Aprili 2017, baada ya kundi hilo kutoa siri za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mkuu wa CIA aliyeteuliwa na Trump huyohuyo aliliita adui. Kundi ni lilelile na kazi ni ileile. Kilichobadilika ni nani anaumia. Jipimeni hapo: siri iliyovuja leo ingekuwa ya upande mnaoupenda, mngesema nini?

Mkishasoma karatasi, tazameni ilivyotolewa. Ellsberg aliwaendea kwanza maseneta, wakasita, ndipo akayafikia magazeti. Na hata hapo alibaki na juzuu nne zilizohusu mazungumzo ya kutafuta amani, kwa sababu hakutaka kuyavuruga. Hiyo ndiyo akili ninayoiheshimu. Chelsea Manning, askari wa Marekani, ndiye aliyewapa WikiLeaks zile nyaraka za jeshi, mamia ya maelfu, nyingi mno kwa mtu mmoja kuzisoma zote. Ndani yake ilikuwemo video ya helikopta iliyoua watu Baghdad mwaka 2007, wakiwemo wafanyakazi wawili wa shirika la habari la Reuters, na Reuters walikuwa wameiomba video hiyo wakanyimwa. Ile video ilistahili kuonekana, sioni haja ya kuuma maneno. Lakini yalikuwemo pia majina ya watu wadogo waliozungumza na maafisa wa Marekani, na mwaka 2011 barua za kibalozi zikaishia kutolewa zote bila majina kufutwa. Hilo lilikuwa kosa, hata kama kwenye kesi ya Manning ofisa aliyeongoza uchunguzi wa madhara hakuweza kutaja mtu hata mmoja aliyeuawa kwa kutajwa. Manning alihukumiwa kifungo cha miaka 35, na mwaka 2017 Rais Obama akampunguzia akatoka. Unaweza kusema kwa kinywa kimoja kwamba video ilistahili kuonekana na kwamba kutoa majina kulikuwa kosa, bila kuwa kigeugeu.

Najua swali mtakaloniuliza, kwa sababu kila mzee mwenzangu huliuliza: kwa nini hawakupita njia halali? Swali ni zuri, ila linahitaji njia hiyo iwepo. Machi 2013 James Clapper, mkuu wa idara zote za ujasusi za Marekani, aliulizwa na seneta mbele ya kamati kama serikali inakusanya taarifa za mamilioni ya Wamarekani. Akajibu hapana. Ikiwa mkubwa anajibu hivyo mbele ya bunge, mdogo ampelekee nani malalamiko? Mei 2015 mahakama ya rufaa ilisema ukusanyaji ule haukuruhusiwa na sheria, na mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuukomesha. Snowden mwenyewe alikwama Urusi baada ya pasipoti yake kufutwa, na mwaka 2022 akapewa uraia huko. Hilo linawaudhi wengi na ninawaelewa. Ila mahakama haikupima anakoishi, ilipima kilichofanyika.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Uingereza. Mwaka 1984 Clive Ponting, ofisa mwandamizi wa Wizara ya Ulinzi, alimpelekea mbunge nyaraka mbili zilizoonyesha kwamba bunge lilikuwa limepotoshwa kuhusu meli ya Argentina, General Belgrano, iliyozamishwa na Waingereza vitani mwaka 1982, ambamo walikufa watu 323. Akashtakiwa. Jaji akawaelekeza wazee wa baraza kwamba maslahi ya dola ni yale ambayo serikali iliyopo madarakani inasema ni maslahi ya dola. Raia wale 12, watu wa kawaida waliokuwa wameuona ushahidi wenyewe, wakakaa, wakarudi Februari 1985 wakasema hana hatia. Hayo ndiyo maoni ya umma ninayoyathamini, ya watu waliolazimika kusikiliza mwanzo mpaka mwisho kabla ya kufungua kinywa. Serikali ilijibu kwa sheria mpya ya mwaka 1989, ambayo haikuacha nafasi ya mshtakiwa kujitetea kwamba alifanya kwa faida ya umma.

Halafu kuna linaloninyima usingizi zaidi ya ubishi wenu, nalo ni ukimya unaofuata. David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi yake ilikuwa makaratasi, kama yangu. Aliona mabilioni yakilipwa kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo nchi haikuwa nazo kwa kiasi hicho. Ndiyo kashfa ya Goldenberg. Akatoa nakala zikawafikia wabunge. Alikamatwa kwa sheria ya siri za serikali. Mashtaka hayakusimama, lakini kazi aliipoteza. Miaka kumi baadaye tume iliundwa, akaitwa, akatoa ushahidi, watu wakamsifu. Kazini hakurudishwa, na mwaka 2006 akafariki katika ufukara. Waliomwita shujaa walikuwa wengi. Nani alimwuliza anakula nini?

Kwa hiyo nawaomba hivi, na ninyi mtakaoajiriwa serikalini nawaomba zaidi. Habari ikivuja, tafuteni karatasi, isomeni, muulizane nani alifichwa nini na nani angeumia. Mkiona aliyefichua alisema kweli, msimwache baada ya wiki mbili kwa sababu kuna habari mpya. Fuateni kesi yake na kibarua chake. Na wawakilishi wenu wakileta mswada wa kuwalinda watoa taarifa, usomeni wote. Katika nchi nyingi ulinzi huo unaishia pale yanapoanza mambo ya usalama wa taifa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1989 iliwaacha nje watumishi wa idara za ujasusi, na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2019 haligusi nyaraka za siri za usalama. Lakini Juni 2013 wataalamu wa nchi nyingi walitoa kanuni huko Tshwane, Afrika Kusini, wakisema hata mtumishi wa usalama alindwe ikiwa faida ya umma kujua inazidi madhara ya kufichua. Kanuni hizo si sheria ya nchi yoyote mpaka mtu azidai. Anzeni na kifungu kinachotaja usalama wa taifa, mwulizeni mbunge wenu ni ofisi gani, nje ya mkubwa wake, karani anaweza kuipelekea jalada lililomtia wasiwasi, na msiondoke hadi awatajie.

Wenu,
Karani mstaafu wa masjala