Salamu za Krismasi Kutoka Chini ya Rwenzori

Ndugu, jamaa na marafiki wapendwa,

Ninawasalimu kutoka Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, katika siku hizi za Krismasi, nikitumaini kwamba wote waliokuwa safarini kurudi vijijini wamefika salama, licha ya nauli ambazo kila Desemba hupanda bila kumwomba mtu ruhusa.

Salamu zangu zimechelewa kwa sababu nilikuwa mlimani. Kwa miaka mingi nimewatumia kadi zenye picha za mapaa yaliyofunikwa na theluji, na nyumbani tumekuwa tukitandaza pamba juu ya mti wa Krismasi bila kujiuliza inasimama mahali pa kitu gani. Nakiri kwamba niliihesabu theluji kuwa mali ya Ulaya, jambo la aibu kwa mtu anayeishi chini ya Rwenzori. Weupe wa vilele nimeuona mara nyingi mawingu yanapofunguka asubuhi, lakini kuuona kwa mbali si sawa na kuiona theluji yenyewe ikianguka.

Tulifika kambi ya Elena, iliyo mita 4,541 juu ya usawa wa bahari, ambako wapandaji hulala kabla ya kukabili kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Alasiri wingu lilitushukia hata wenzangu wakawa vivuli. Nilivuta kofia nikasubiri mvua, maana sisi tuliolelewa chini ya mabati huisikia mvua kabla ya kuiona. Sauti haikuja. Vilianza kushuka vitu vyepesi, vikiyumba huku na huku kama mbawa za kumbikumbe zinazopukutika chini ya taa, na kimoja kikatua juu ya mkono wa sweta yangu, kikakaa na ncha zake sita kwa muda wa kuzihesabu tu, kisha kikawa tone la maji. Mpagazi mmoja, mtu wa kabila la Wakonzo, wenyeji wa milima hii, alitazama juu, akasema, “Nzururu,” akaendelea kusugua sufuria. Hilo ndilo jina la theluji kwa Kikonzo, na husemwa humo ndimo lilimotoka jina la Rwenzori. Wazee wao walisimulia kwamba huko juu ndiko anakokaa Kitasamba, mungu wa mlima. Mimi machozi yalinitoka, nikasingizia moshi wa jiko.

Mtu atauliza theluji inafanya nini hapa, kilomita arobaini hivi tu kutoka mstari wa ikweta. Jibu ni kimo. Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi za Selsiasi, kwa hiyo mchana ule ule ambao watu wa Kasese wanajipepea kwa magazeti, maji yanaganda ndani ya wingu huko juu. Theluji hapa haingoji majira ya baridi, ambayo hatunayo. Huweza kuanguka mwezi wowote, na mara nyingi jua la kesho yake huiyeyusha.

Inayodumu ni ile iliyoshindiliwa miaka mingi ikawa barafu, na hiyo ndiyo inayotutoroka. Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia, alipopanda mwaka 1906, barafu ilikuwapo juu ya milima yote sita mikuu ya safu hii. Milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilipoteza ya kwao zamani, na iliyosalia leo imejibana hasa juu ya mlima Stanley. Kiongozi wetu alituonyesha mwamba mtupu, uliong'aa kwa maji, akasema alipoanza kazi hapo palikuwa barafu. Hakulalamika, nasi hatukupata la kumjibu.

Wengine watanikumbusha kwamba hata Bethlehemu theluji huanguka kwa nadra, kwa hiyo pamba yetu haina uhusiano na hori la Mtoto Yesu. Ni kweli. Hata hivyo mwaka huu sikuiondoa mtini. Watoto waliponiuliza ni nini, niliwaambia ni nzururu, nikawatoa nje kuwaonyesha inakoanguka, ingawa mawingu yalikuwa yamefunga.

Nawatakia Krismasi yenye amani na Mwaka Mpya wenye afya. Atakayepita Kasese asikose kubisha hodi. Matoke yapo, na tukiamka mapema huenda mlima ukajifunua.