Barua ya wazi kwa vijana mnaoandika wasifu wa marehemu

Wajukuu zangu, nawasalimu.

Nawaandikia ninyi mnaopewa kalamu msiba unapotokea. Usiku wa matanga kijana aliyesoma huitwa pembeni, akaombwa aandike wasifu wa marehemu usomwe kesho yake kabla ya mazishi. Kazi hiyo ni kubwa kuliko mnavyoichukulia, na kwa wazee wa rika langu mmekuwa mkiifanya kwa haraka mno.

Hivi karibuni tumemzika mzee mwenzangu. Wasifu wake ulisomwa kwa sauti nzuri: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, kilimo cha mahindi, maradhi, kifo. Vita vya Kagera, vya Tanzania dhidi ya Idi Amin wa Uganda, havikuwemo. Mzee yule aliondoka hapa akiwa mwanamgambo mwishoni mwa 1978, mkewe akiwa na mimba, akaenda hadi Kampala, sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Begani alikuwa na kovu la kamba ya sanduku la risasi. Wajukuu zake wamekua wakiliona kila alipovua shati, wakidhani ni kovu la mizigo ya kuni. Mwanawe mkubwa alinifuata baada ya mazishi kuniuliza kama ni kweli baba yake alikuwa askari. Iliniuma sana.

Mliozaliwa baadaye mjue ilivyokuwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakateka eneo letu la kaskazini ya mto Kagera, yakaua watu, yakapora ng'ombe na mabati ya nyumba. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Sote tuliokuwa tumezunguka redio tulimwelewa. Lakini jeshi la kawaida peke yake lisingetosha, ndipo wakaitwa vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi, magereza na mgambo wa vijijini, watu walioacha majembe shambani. Januari 1979 wakawa Mutukula, Februari Masaka. Machi wakapigana Lukaya, mahali barabara inapita katikati ya kinamasi, dhidi ya askari wa Amin na Walibya waliokuja kumsaidia. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili.

Kisha wakarudi. Nchi ilikuwa imekauka: sabuni hakuna, sukari hakuna, Mwalimu akituomba tufunge mikanda miezi 18. Nani angekaa kitako kusikiliza habari za Lukaya wakati yuko kwenye foleni ya unga? Mgambo wengi waliokota majembe yao wakanyamaza, nasi tukauchukulia ukimya wao kuwa hawana la kusema.

Waliokufa vitani wana makaburi ya mashujaa Kaboya, kule Muleba, na kila 25 Julai taifa linawakumbuka mashujaa wake. Aliyerudi hai akafa miaka arobaini baadaye kwa shinikizo la damu hana mnara. Ana hiyo karatasi yenu tu.

Basi nendeni kwao wangali hai. Msianze kwa kuuliza aliua wangapi. Swali hilo ni la kikatili, na mzee mwenye heshima zake atafunga mdomo hapo hapo. Muulizeni alitembea na nani, walikula nini, nani hakurudi. Bibi awepo, maana yeye ndiye anayejua mumewe aliondoka mahindi yakiwa yamefika wapi. Vyeti na picha viko chini ya sanduku la nguo, vimechanganyika na risiti za ushirika; vipigeni picha kwa simu, mbele na nyuma.

Andikeni kama alivyosema, pamoja na hofu na njaa. Kama alikuwa mpishi wa kikosi, andikeni mpishi. Nimeshuhudia familia ikimpandisha cheo marehemu mpaka akawa kamanda, na hilo ni kumvua utu wake kwa mara ya pili. Akisimulia jambo linalomwelemea, la Waganda wasio na hatia waliokufa mbele yake, msilipambe wala msilikatae. Asipotaka kusema, muacheni. Tarehe na jina la kikosi vinatosha. Mkimaliza, msomeeni mwenyewe asahihishe. Msisubiri asomewe akiwa kwenye jeneza.

Anzeni na mzee wa jirani na mashine ya kusaga. Aliendesha lori la risasi hadi Masaka. Nendeni asubuhi, jioni huchoka, na kaeni upande wake wa kulia kwa sababu sikio la kushoto halisikii tena.

Ni mimi babu yenu.