Barua ya wazi kwa Gavana wa Marsabit: changarawe ya Sibiloi

Mheshimiwa Gavana,

Barabara za Sibiloi, hifadhi ya taifa kando ya Ziwa Turkana, ni mbovu, na hatuombi ziachwe hivyo. Mvua moja tu, laga, yaani mikondo ya mito ya msimu, hujaa na gari hulala huko huko. Swali letu ni la changarawe ya kuzitengeneza: ichimbwe wapi, na nani atangulie kupita hapo kabla ya greda?

Vilima vya Koobi Fora, humo Sibiloi, wanakojifunzia wanafunzi wa akiolojia, mpita njia huviona udongo mtupu. Ni matope ya ziwa la kale na mchanga wa mito, katikati yake tabaka za majivu ya volkano. Majivu ndiyo saa yetu. Yale yaitwayo KBS yalipimwa kwanza yakapewa miaka milioni 2.6. Meno ya nguruwe wa kale, yakilinganishwa na ya bonde la Omo kule Ethiopia, yakakataa: yalionyesha umri mdogo zaidi. Vipimo vipya vikashuka hadi milioni 1.9 hivi. Fuvu la binadamu wa kale liitwalo 1470, aliloliona mtafuta visukuku Bernard Ngeneo mwaka 1972 likiwa vipandevipande, likapunguziwa umri vilevile, kwa kuwa ilijulikana lilitoka chini ya majivu hayo. Mfupa uliosukumwa na greda hauna tena ushahidi huo. Ni jiwe zuri la kuweka mezani.

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Wajuzi wachache watembee eneo lote asubuhi au jioni, maana jua la utosi halitoi kivuli na mfupa hufanana na kokoto. Wakiona kitu wasiokote: picha, nukta ya GPS, alama. Vipande vilivyotapakaa mteremkoni hufuatwa kwenda juu hadi vinapokoma; tabaka lake liko karibu na hapo. Udongo wa chini huchekechwa, kwani meno madogo hayaonekani kwa macho ya haraka. Mfupa unaomeguka hutiwa gundi, ukakauka, ndipo ukafungwa plasta. Ukiharakishwa, plasta hufunguliwa na kukutwa unga.

Nyayo za binadamu wa kale huko Ileret, za miaka milioni 1.5, hazina hata mfupa. Dereva akizipitia hatahisi chochote.

Changarawe itolewe kwenye laga za sasa, ambako maji yameshahamisha kila kitu. Ila wazee wa Wadaasanach na Wagabra waulizwe kwanza ni laga ipi, kwa sababu humo ndimo wanamochimba visima vya mifugo.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 ipo. Tunachoomba ni kifungu cha ukaguzi ndani ya mkataba wa mkandarasi, kabla zabuni haijatangazwa.

Wako,
Wachimbaji na wakufunzi wa akiolojia, Turkana Mashariki