Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Mtwara: tujue pa kukimbilia kabla upepo haujafika

Mheshimiwa, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mikindani, nyumba ya bati, hatua chache tu kutoka majini. Aprili 2019, tulipotangaziwa kuwa kimbunga Kenneth kinakuja, nilimpakia bibi yangu kwenye bodaboda tukapanda kilimani. Tumefika juu, ndipo anakumbuka dawa zake za presha ziko chini ya mto. Nikarudi. Dawa nilizipata, hati ya shamba la mikorosho nikaisahau. Na huko kilimani kwenyewe hatukupachagua, tulifuata watu tu.

Kenneth ikapiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Tangu hapo ukitaja tahadhari ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kijiweni unachekwa: "Kile cha 2019 kilikuja?" Kilikuja, Mheshimiwa, ila kilishukia kwa jirani. Wazee wa Lindi nao wanacho chao cha Aprili 1952. Tena Mei 2024, Hidaya ilipotua upande wa Mafia, sisi tulikuwa mbali nayo, lakini maji yalikata barabara Kilwa, pale Somanga, na magari ya Dar yakakwama. Ndiyo maana kwangu akiba ya nyumba ya Kusini si tochi peke yake. Ni unga, makopa, ng'onda na madumu ya maji ya siku kadhaa, kwa sababu barabara yetu ya Dar ni hiyo hiyo.

Ombi langu ni dogo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imezishusha kamati za maafa mpaka mtaani na kijijini. Basi kabla ya masika, kila mwenyekiti wa mtaa awe na karatasi moja: mzee gani hawezi kutembea, nani ana bajaji, shule au msikiti gani uko juu na ufunguo anao nani. Huo ufunguo usichukuliwe kirahisi. Mvua ikipiga usiku, mlango uliofungwa ni ukuta. Tangazo nalo lipite kwenye vipaza sauti vya misikiti, maana umeme ukikatika simu nyingi huzima kabla ya asubuhi.

Nyaraka tuambiane tuziweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Rambo tulizokuwa tunafungia zilipigwa marufuku Juni 2019, na sizililii.

Watu wa kamati za maafa wakija kutufundisha, waguse na mitungi ya gesi. Tunaishi jirani na visima vya Mnazi Bay, lakini wengi hatujui kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hulala sakafuni. Ukisikia harufu usiwashe taa wala kuizima. Funga mtungi, fungua milango, toka nje, kisha piga 114 uwapate Zimamoto. Jirani yangu alitafuta uvujaji kwa kiberiti. Nyusi zake zimeota tena, alhamdulillahi. Povu la sabuni lingemtosha.

Mwisho, tuwekewe vibao vya kuonyesha njia ya kupanda, kuanzia ufukweni. Mimi ni fundi seremala. Mbao za vibao vya mtaa wetu ninazo, nasubiri tu kuambiwa mshale uelekee wapi.

Mkazi wa Mikindani