Kwa Neema, kuhusu Kiingereza cha steshenari

Dodoma

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi, na hongera kwa duka. Kuchapa na kutoa kopi utaweza. Kitakachokusumbua hapo Kongwa ni barua za kazi za Kiingereza, maana wateja huandika kama wanavyosikia, na kompyuta haitakuwekea mstari mwekundu: kila neno limo kwenye kamusi, ila limekaa pasipo pake.

Anza na "could of". Hakuna kitu kama hicho. Ni "could have", ambayo mdomoni hufupishwa ikawa "could've", na sikio likaokota "of". "Should of" na "would of" ni ugonjwa uleule. Bonyeza Ctrl na F, andika "uld of", zote zitajitokeza.

Inayoumiza zaidi ni "used to". "I used to work at night" maana yake zamani nilifanya kazi usiku, sasa sifanyi. "I am used to working at night" ni nimezoea. Anayeomba kazi ya ulinzi akiandika ile ya kwanza, amemwambia mwajiri kazi hiyo alishaiacha! Tazama vipande viwili: "am" kabla, na "-ing" kwenye kitenzi kinachofuata. Vyote viwili huandamana. Kimoja kikikosekana usibahatishe, muulize mteja kwa Kiswahili: umezoea, au ulikuwa ukifanya? Halafu ile d ya "used" humezwa na t ya "to", ndiyo maana wengi huiacha.

"Bear with me" ni nivumilie. "Bare" ni uchi, kwa hiyo angalia sana barua za kuomba subira. "I leave in Kongwa" ni naondoka. Kuishi ni "live", yenye i fupi ambayo sisi hatuitofautishi na ile ndefu.

Wengi watakushauri usome kwa sauti. Kwa makosa haya haisaidii, kwani yametoka masikioni na yatasikika sawa tu. Toa nakala, isome kimyakimya kuanzia sentensi ya mwisho ukipanda juu.

Na kabla fundi hajachora bango: ni "stationery", kwa e. Muuza karatasi kwa Kiingereza ni "stationer", ndiko ile er ilikotoka. "Stationary" ni kitu kisichosogea, ingawa hapa mjini utaiona kwenye mabango. Nitumie picha ya maandishi kabla rangi haijapakwa.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Chiku