Barua ya wazi kwa machifu residenti wa idara ya usingizi

Wanangu, salaam na hongereni.

Ninyi ni madaktari mnaosomea ubingwa wa kulaza wagonjwa usingizi wa upasuaji, na mwaka huu mmepewa kuwaongoza residenti wenzenu. Najua wengine wenu mmechaguliwa kwa kura za wenzenu, wengine mkuu wa programu aliwaita tu ofisini akasema mwaka huu ni ninyi, na saivi pongezi hazijaisha ila simu nazo hazikauki, huyu anataka likizo, yule anataka abadilishiwe zamu, konsaltanti, yule daktari bingwa, anauliza kwa nini thieta ya pili haina mtu. Mimi nimeifanya hii kazi ya usingizi miaka mingi, nimefundisha residenti wa kila aina, nimeona machifu wakiingia na kutoka, na kuna jambo nataka niwaambie mapema kabla rosta haijawameza.

Mtadhani kazi yenu ni rosta. Ni kweli rosta ni kazi, tena itawanyima usingizi. Lakini mwaka wenu mimi nitaupima kwa kitu kimoja tu: residenti wa mwaka wa kwanza, saa tisa usiku, mgonjwa anabadilika mbele yake, je anaweza kunyanyua simu akaita mkubwa bila kuwaza kwanza watamwonaje?

Hebu mfikirieni huyo mtoto. Yupo thieta na nesi, mpasuaji ameshanawa anasubiri, propofoli ya kumlaza imeingia, dawa ya kulegeza misuli imeingia, laringoskopu, kile kifaa cha kuangalia koo, ipo mdomoni na anachokiona ni ncha ya epiglotisi, kifuniko cha njia ya hewa, basi, nyuzi za sauti ambapo mrija wa hewa unapaswa kupita hazionekani. Anatoa, anapiga hewa kwa maski, haiingii vizuri. Ule mlio wa monita nyote mnaujua jinsi unavyoshuka kadiri oksijeni ya damu inavyoshuka, asilimia 94, 91, 87, na mikono yake inaanza kutoa jasho ndani ya glavu. Simu iko hatua mbili tu. Na kichwani anasikia maneno ya juzi kwenye chumba cha mapumziko, kwamba "huyo naye hata kuweka kanula ya mshipani anaita mkubwa", watu wakacheka. Sasa niambieni, hayo maneno yalisemwa na nani, na chifu alikuwa wapi yanaposemwa? Kama alikuwepo akacheka na wenzake, basi chifu ndo aliyeisogeza hiyo simu mbali.

Msidhani haya ni ya wanagenzi peke yao. Mwaka 2005 kule Uingereza mama mmoja, Elaine Bromiley, alipelekwa kwa operesheni ya kawaida kabisa ya sainasi. Akalazwa usingizi, njia ya hewa ikakataa, wakaja madaktari wazoefu, wakang'ang'ana na intubesheni, yaani kuingiza mrija wa hewa kooni, tena na tena huku oksijeni ipo chini. Nesi alileta vifaa vya trakeostomi, yaani vya kutoboa koo mgonjwa apate hewa, akasema viko tayari. Hakuna aliyemsikia. Yule mama hakuzinduka tena, akafariki siku kumi na tatu baadaye. Mumewe Martin, ambaye ni rubani wa ndege, hakutaka kichwa cha mtu, alitaka watu wajifunze, na hadi leo kisa hicho kinafundishwa kwenye idara za usingizi dunia nzima. Pale chumbani ujuzi ulikuwepo na vifaa vilikuwepo, hata wazo sahihi lilikuwepo, lilikuwa kinywani mwa mtu ambaye sauti yake haikuwa na uzito. Ninyi mkiwa machifu mna uwezo wa kuipa uzito sauti ya mdogo, na ni uwezo ambao hata mkuu wa idara hana, kwa sababu ninyi ndo mnaokula nao na kukesha nao.

Kwa hiyo wiki yenu ya kwanza, nendeni kwa mkuu wa programu mkaombe maandishi, ukurasa mmoja tu, unaosema ni wakati gani residenti LAZIMA aite. Intubesheni imeshindikana mara ya pili, damu inatoka kuliko ilivyotarajiwa, mgonjwa ameanza kuhitaji adrenalini, mama mjamzito anakwenda nusu kaputi, mtoto mchanga, au tu roho yake haijatulia. Hiyo ya mwisho msiiache itolewe, kuna watakaosema haipimiki, shikilieni. Na iandikwe kwamba akiitwa konsaltanti anakuja, halafu kesho yake asubuhi hakuna wa kumuuliza residenti "kwani ulishindwa nini". Neno lazima linamsaidia sana mtoto wa watu, manake akiita anakuwa anafuata utaratibu tu na hakuna wa kusema ameogopa.

Sasa makabidhiano. Mwaka 1978 Jeffrey Cooper na wenzake wa Boston walitoa utafiti wao wa matukio ya hatari kwenye usingizi, yale ambayo yangeweza kuzuilika, na asilimia 82 yalikuwa na kosa la binadamu ndani yake, mashine zilikuwa sehemu ndogo. Baadaye wakaangalia kinachotokea watu wanapopokezana katikati ya kesi, wakakuta kwamba mara nyingine anayeingia anagundua tatizo ambalo aliyekuwepo alishalizoea asilione, na mara nyingine kule kupokezana kwenyewe ndo kunaleta tatizo. Kwa hiyo makabidhiano yakifanywa vizuri ni jicho jipya kwa mgonjwa, yakifanywa ovyo ni shimo. Na mimi naona mengi ovyo, mtu amesimama mlangoni begi begani anasema "yuko stebo, presha safi, karibia wanafunga" kashaondoka.

Katazeni hilo. Hakuna kupokezana wakati wa kumlaza mgonjwa, wakati wa kumzindua, wala damu ikiwa inatoka. Anayetoka na anayeingia wasimame wote kichwani kwa mgonjwa, washike kila sindano iliyo juu ya meza wasome lebo, wafuate mrija wa dripu kwa mkono mpaka kwenye mshipa, iulizwe antibaiotiki ilitolewa saa ngapi, damu imeagizwa na iko wapi, tyubu iliingia kirahisi au kwa shida, na mpango wa kumzindua ni upi. Anayeingia arudie kwa maneno yake, ndipo mwenzake aondoke. Haichukui muda mrefu jamani, na ninyi mkifanya hivyo mbele yao kila siku wataiga, mkiandika kwenye grupu la simu tu hawataiga.

Rosta nitaipitia haraka sababu mtajifunza wenyewe kwa kulia. Toeni mapema. Sikukuu gaweni kwa zamu iliyo wazi, kila mtu aone aliyefanya mwaka jana. Msijipangie siku nzuri, na marafiki zenu msiwapangie siku nzuri, watu wanahesabu kuliko mnavyodhani. Marekani tangu 2003 wameweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, na kwa sasa zamu ndefu isizidi saa 24 na nyongeza ya saa 4 za makabidhiano na mambo kama hayo. Kwenu sheria inaweza kuwa nyingine, ila mwili wa binadamu ni ule ule, na mtu wa usingizi anayesinzia kwenye kiti saa kumi na moja alfajiri ni hatari kuliko thieta iliyochelewa kuanza. Mtu akisema anaumwa, mwamini, tafuta mbadala, maswali baadaye.

Hapa sasa nawaomba msome taratibu. Kwenye fani yetu dawa hatari ziko mkononi mwetu kila siku, tunazivuta wenyewe, tunazichoma wenyewe, tunaandika wenyewe. Marekani walifuatilia residenti wa usingizi walioanza mafunzo kati ya 1975 na 2009, watu 44,612, wakakuta 384 waliopata tatizo la uraibu wakiwa bado mafunzoni, na 28 kati ya hao walikufa kabla hawajamaliza. Vijana wa watu, wenye akili, waliochaguliwa kama mlivyochaguliwa ninyi. Na machifu ndo wa kwanza kuona, kwa sababu rosta na malalamiko yote yanapita kwenu. Mtu anaomba zamu za ziada kila mara, hataki kupumzishwa hata kwenda chooni, anapenda kesi za peke yake, karatasi inasema mgonjwa amepewa fentanili nyingi, ile dawa kali ya maumivu, lakini mgonjwa anafika chumba cha kuzindukia anapiga kelele za maumivu, anavaa mikono mirefu joto lote. Kitu kimoja hapo sio ushahidi, najua, mtu anaweza kuomba zamu sababu ana shida ya hela. Ila vikikusanyika usikae navyo.

Na msimkabili wenyewe. Najua mtaona ni rafiki yako, unataka umvute pembeni umwambie kama ndugu, na nakuomba kwa moyo wangu wote usifanye hivyo. Mtu akishajua amejulikana, saa zile zinazofuata ndo za hatari zaidi, anaweza kujidhuru, na dawa za kujidhuria anazo mfukoni. Nenda kwa mkuu wa programu siku hiyo hiyo, utaratibu upangwe na wanaojua, na tangu dakika anaambiwa mpaka anafika kwenye matibabu asiachwe peke yake hata kidogo. Hatakupenda siku hiyo. Wapo wanaopona na kuishi, ila kwanza lazima awe hai.

Siri nyingine zote mtakazoletewa, ndoa, mimba ambayo haijatangazwa, mtihani uliofeli, hizo ni zenu, zikae kwenu. Chifu anayepeleka kila neno kwa wakubwa hataambiwa tena kitu, na siku kitakapokuwepo cha maana hatakijua. Waambieni tu mapema, kwa uwazi, kwamba jambo likigusa usalama wa mgonjwa au uhai wa residenti mwenyewe hamtaweza kulificha.

Mgonjwa akifia mezani, mtoe residenti kwenye orodha ya siku hiyo. Wapo watakaosema arudi kazini azoee. Hapana. Mwili umetoka, thieta inadekiwa, na yeye anaitwa kuvuta dawa za mgonjwa wa pili huku mikono inatetemeka, huyo mgonjwa wa pili ana kosa gani? Kaa naye, usiulize alifanya nini, atasema akitaka. Na kikifika kikao cha kujadili vifo, anayeongoza aanze kwa kuuliza pale wakati ule alikuwa anaona nini na kwa nini uamuzi ule ulionekana sahihi.

Kuhusu kufundisha, punguzeni slaidi fanyeni mazoezi kwa mikono. Chukueni dantrolini iliyopitwa na muda, dawa ya ile homa ya hatari inayozushwa na baadhi ya dawa za usingizi, ile ya chupa za 20 mg, mwambieni mtu aandae dozi ya kwanza ya 2.5 mg kwa kilo kwa mgonjwa wa kilo 70. Ni 175 mg, yaani chupa tisa, kila moja na mililita 60 za maji, itikiswe mpaka iyeyuke. Wataona wenyewe mtu mmoja haiwezi, na watajua kwa nini kwenye homa ile ya hatari unaita watu kwanza. Waulizeni pia ile emalsheni ya mafuta ya asilimia 20 ya kutibu sumu ya ganzi iko kabati gani. Mtashangaa wangapi hawajui.

Na ninyi pia mlale, mkae kwenye kesi, msije mkawa watu wa kompyuta tu, wenzenu watawaheshimu kwa mlivyo kichwani kwa mgonjwa.

Miezi miwili kabla hamjamaliza, waiteni wanaokuja, wapeni faili lenu, lenye rosta zote, makubaliano mliyoandikiana na mkuu wa programu, na mambo mliyoanza hayajaisha. Wapange rosta ya mwezi mmoja wao wenyewe mkiwa bado mpo, wakikwama wawaulize.

Ni mimi, mzee wenu wa thieta.