Geti langu halikuwa na ugonjwa wa komeo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wetu wa hapa Mtwara, pamoja na sisi tunaowaita.

Nina bustani nyuma ya nyumba, Mikindani: matuta sita ya mchicha na matembele, bamia kidogo, na mpapai dume mmoja ambao sina moyo wa kuukata. Nimezungushia uzio wa fito, na geti la mbao lenye upana wa sentimeta 90 na kimo cha sentimeta 120. Mvua za mwaka huu zilipokolea, geti likaanza kukataa kufunga. Mbuzi wa jirani (jirani mwenyewe nampenda sana) alilijua hilo kabla yangu.

Fundi wa kwanza nilimwita nikamwambia, "Mwanangu, niwekee komeo jipya." Akaweka. Komeo shilingi 6,000, ufundi 5,000. Wiki mbili hazijapita, komeo likawa linagonga chini ya tundu lake. Wa pili aliling'oa geti akalipiga randa kwa chini, maana lilikuwa linaburuza mchangani. Likafunga siku tisa, nilizihesabu. Wa tatu alikuwa mjanja zaidi: geti hakuligusa, akalishusha tundu na kuniuzia komeo jingine, refu. Mwezi haujaisha, nikaenda msibani mjini. Narudi jioni, matuta mawili ya mchicha yamebaki vishina, na mbuzi kajilaza chini ya mpapai, anacheua.

Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya lile geti. Miaka 31 nimefundisha hisabati shule ya msingi. Nimewachapa watoto wa watu, Mungu anisamehe, kwa kutojua tofauti ya mstatili na msambamba, yaani mstatili uliosukumwa ukalala upande. Leo msambamba uko mbele yangu, na nimeshaulipia mara tatu.

Nikamwita mjukuu alete uzi na jiwe. Tuliufunga uzi juu ya nguzo ya bawaba, jiwe likaning'inia. Chini, uzi ulisimama mbali na nguzo kwa vidole viwili: nguzo imeinamia ndani. Tukachimbua. Mchwa walikuwa wameimaliza kuanzia usawa wa ardhi kwenda chini, na kilichobaki kinasagika mkononi kama chicha. Ilikuwa nguzo ya mkorosho, mti wa kivuli na wa kuni. Kosa langu, niliipata bure.

Halafu tukapima geti lenyewe kutoka pembe hadi pembe, mshazari kwa mshazari. Mmoja sentimeta 146, mwingine 154. Geti lililo sawa hiyo mishazari miwili hulingana. Basi hata nguzo ingenyooka kama mnazi mchanga, upande wa komeo ungebaki umelala karibu sentimeta tano.

Hapo ndipo nilipouona ubao wa mshazari. Aliyelitengeneza geti aliupigilia kutoka juu, kwenye bawaba, kushuka hadi pembe ya chini ya upande wa komeo. Ukiwekwa hivyo ubao unavutwa, na kinachoushikilia ni misumari tu. Kila mtoto anapobembea getini, misumari inatoka nywele moja. Ubao ni mkongojo, kazi yake kusukuma: unaanzia chini, kwenye bawaba, unapanda hadi pembe ya juu upande wa komeo, na uzito wote unashuka kwenye bawaba ya chini. Ukitumia waya, unageuza, kwa sababu waya ni kamba na kamba haijui kusukuma. Watu wa zamani hawakuhangaika na haya. Milango mikuukuu ya nakshi ya pwani yetu haikuning'inizwa kwa bawaba za pembeni. Ubao wa mlango wenyewe una vichwa juu na chini vinavyozunguka ndani ya matundu, na uzito unakaa kwenye kizingiti.

Nguzo mpya ni kipande cha mbambakofi kilichobaki kwenye fremu ya mlango, sentimeta 180, na 60 kati ya hizo ziko ardhini. Udongo wetu wa kichanga haushiki kitu, kwa hiyo tulimwaga zege: saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Juu tukaliachia mteremko ili maji yasituame shinani mwa nguzo. Mjukuu alitaka kulitundika geti kesho yake. Nikamzuia siku saba. Bawaba za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, maana bahari iko hapo chini na upepo wake una chumvi. Tumeweka zilizopakwa zinki, kwa skrubu badala ya misumari. Kati ya geti na nguzo ya komeo tumeacha nafasi ya sentimeta moja, mbao ivimbe mvua zikirudi bila kugombana na mtu.

Sasa mafundi. Siwaiti wezi. Kila mmoja alifanya nilichomwagiza, na komeo la kwanza ni zima hadi leo. Ila hakuna hata mmoja aliyeniambia, "Mwalimu, hebu kwanza tuitazame nguzo." Na naelewa kwa nini: nisingemlipa kwa kutazama. Fundi wa kwetu analipwa kwa kitu alichokifunga, kitu ambacho mteja anakiona kwa macho. Akisimama nusu saa na uzi na jiwe halafu aseme komeo halina shida, tutamwambia hajafanya kazi. Mimi mwenyewe ningesema. Hospitali hatumwambii daktari atupe dawa gani (wengine wanasema, najua), lakini fundi tunampokea mlangoni na dawa tumeshaandika.

Kwa hiyo napendekeza mafundi wawe na bei ya kukagua, elfu mbili au tatu, waitaje mapema bila aibu, nasi tuilipe. Mimi nilitumia zaidi ya 30,000 kwa sababu hiyo elfu tatu haikuwepo.

Makomeo mawili mazima ninayo kwenye kopo la rangi. Mwenye shida nayo hapa Mikindani aje achukue bure, ila aje na uzi na jiwe, twende kwanza tukaitazame nguzo yake.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara